Miguu ya Mama Mkwe

Tangu amwoe Christine, Bramwel hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni, na hilo si la kumlaumu, ni la kumsifu. Kwetu huku Kakamega mkwe mwenye adabu hampi mama mkwe mkono, haketi naye kiti kimoja, na akimwona anakuja njiani hujitosa kwenye mahindi ya watu mpaka apite. Wako vijana wa siku hizi wanaowakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao selfi. Hao tuwaache, dunia ina mambo. Bramwel alilelewa na nyanya yake kule Butere, na nyanya alimfunza hivi: mbele ya mama mkwe, macho chini. Basi akienda ukweni Navakholo aliyashusha macho kuanzia getini, akayainua tena akiwa juu ya bodaboda ya kurudi.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anasimama mbele ya ukoo mzima wa mkewe na kutangaza kwamba atamchora mama mkwe. Ala! Mdomo huponza kichwa, lakini huu wa Bramwel ulitaka kukitia kichwa kwenye sufuria kabisa.

Lakini kabla hujamcheka, sikiliza alikotoka. Kosa, kama lilikuwa kosa, lilianzia maktaba.

Bramwel alikuwa mchoraji wa mabango. Vinyozi, wauza nyama, mafundi wa baiskeli, makanisa mapya yanayoota kila mtaa, wote aliwaandikia. Herufi zake zilinyooka vizuri, hilo hakuna wa kumnyima. Shida ilikuwa wanyama. Alikuwa akimaliza kuchora kuku, mwenye hoteli anasimama mbele ya bango, anakuna kidevu, anauliza, "Fundi, hii ni ingokho ama ni bata?" Naye Bramwel anajibu, "Wateja watajua wakionja."

Adui yake mwingine alikuwa mvua. Mvua ya Kakamega haibishi hodi. Alasiri ikifika humwagwa tu, kama na mtu aliyechoka kubeba ndoo. Siku moja ilimkuta amefika katikati ya mkia wa kuku, akakumbatia kopo lake la rangi na kukimbilia jengo la karibu lililokuwa na mlango wazi. Kumbe ndiyo maktaba ya umma. Alikuwa amepita hapo miaka yote akidhani ni mahali pa wanafunzi wenye mitihani, na kwamba mtu mzima akiingia ataulizwa kitambulisho cha shule.

Mkutubi aliyekuwa zamu alikuwa dada mmoja wa Mumias aitwaye Swafia, mpole wa sauti lakini si wa kuchezewa. Alimtazama Bramwel akichuruzika maji pale mlangoni.

"Karibu ndani," akasema. "Kopo liache hapo nje. Vitabu vyangu havijaomba kupakwa rangi."

Bramwel akaingia, akaketi kwenye kiti cha karibu zaidi, na kwa kuwa kukaa bure mbele ya Swafia kulimtia aibu, akavuta kitabu kikubwa kuliko vyote vya rafu iliyokuwa ubavuni pake. Kilikuwa kitabu cha picha za wachoraji. Akafungua katikati, akakutana na kitunguu.

Kitunguu! Kimoja tu, juu ya meza, na kisu kando. Bramwel alikasirika, nakwambia. Mtu mzima, mwenye akili zake, anakaa kutwa anachora kitunguu, na kitunguu chenyewe hakiuzwi wala hakitangazi duka la mtu! Akafungua ukurasa mwingine, halafu akarudi kwenye kitunguu. Akafungua mwingine, akarudi tena. Kile kitunguu kilikuwa na mwanga upande mmoja, na ule mwanga haukuwa mweupe, ulikuwa na waridi na kijani kidogo. Ganda lilikuwa limebanduka mahali, na Bramwel akaapa kwamba angepuliza lingepaa. Mvua iliisha bila yeye kujua.

Jioni hiyo Christine alikuwa anapika nyumbani kwao Shirere. Akaweka kitunguu juu ya kibao, akainua kisu.

"Usikate kwanza!" Bramwel akapiga kelele.

"Kuna nini? Kuna mdudu?"

"Hakuna mdudu. Kitazame tu. Umewahi kuona kitunguu kina waridi?"

Christine alimtazama mumewe, akatazama kitunguu, halafu akakikata vipande viwili. "Mimi nina njaa," akasema. "Huo waridi utauona kwa mchuzi."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila mvua ikinyesha, Bramwel yuko maktaba. Baadaye hata isiponyesha. Alijifunza kwamba kahawia si moja, kwamba kivuli kina rangi yake, kwamba wachoraji wengine walichora mlango uleule mara nyingi kwa sababu asubuhi yake si jioni yake. Kuku wake walianza kuwa kuku. Mwenye hoteli mmoja alilalamika kwamba kuku wa bango amekuwa mzuri mno, wateja wanamhurumia na kuagiza maharagwe.

Halafu Swafia akamletea kitabu kingine, chembamba, bila picha hata moja.

"Mashairi?" Bramwel akakirudisha mezani. "Dada, hayo tulichapiwa shuleni. Vina, mizani na fimbo."

"Haya hayana fimbo. Soma moja tu. Likikushinda nirudishie, sitakuuliza."

Alisoma moja, fupi, la mtu aliyefiwa na babake. Bramwel alingoja kifo kitajwe, hakikutajwa. Kaburi halikutajwa. Hata baba mwenyewe hakutajwa. Lilikuwa koti tu, limening'inia nyuma ya mlango, na mifuko yake bado imefura umbo la mikono. Bramwel akajikuta anajifuta macho hapohapo, mbele ya watoto wa shule. Alimwambia Swafia kwamba ni vumbi la vitabu. Swafia akamwambia vumbi hilo huwapata wengi.

Sasa ndiyo twende Navakholo. Watoto wa Mama Beldina, maana ndilo jina la mama mkwe, walikuwa wamemjengea mama yao nyumba ya matofali, yenye sebule pana na madirisha ya vioo. Siku ya kuingia ilipokaribia wakakutana kugawana vitu vya kuleta. Mkubwa wao, Wesley, mfanyakazi wa serikali mwenye tabia ya kuongoza kila kikao hata cha kuchagua sufuria, alisema yeye ataleta viti. Mwingine runinga. Mwingine tangi la maji. Zamu ikamfikia Bramwel, mkwe wa kuandika mabango, na wote wakaanza kumtazama kwa ile huruma ya kumrahisishia.

"Bramwel wewe leta tu mkono wako," Wesley akasema. "Utatupakia mlango rangi."

Huruma huuma kuliko tusi. Bramwel akasikia mdomo wake ukisema, "Mimi nitaleta picha ya ukutani. Nitamchora mama mwenyewe."

Kicheko kikapasuka hata wapishi wakatoka jikoni.

"Utamchora ukimtazama na nini?" Wesley akauliza akijifuta machozi. "Na kisogo?"

"Nitamchora."

"Haya! Msumari wa katikati ya sebule ni wako. Hakuna mtu atatundika kitu hapo. Tutaona mama yetu anafanana na nani."

Wakarudi Shirere. Walipofika Christine akauliza, taratibu, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Baba Shantel, kwa nini?" Bramwel akamwambia ukweli: kwamba amechoka kuwa mkwe wa kupaka milango. Alitaka siku moja tu mama yake Christine aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu bure. Christine akamshika mkono. Yeye pia alikuwa akilitaka hilo.

Bramwel akatengeneza fremu, akabana kitambaa cha marekani, akakipaka rangi nyeupe ya kutangulia. Kisha akachukua picha ya mama mkwe kutoka kwa simu ya Christine, akaenda kuichapisha kubwa mjini, akaibandika ukutani. Akaketi mbele yake na brashi. Akainua macho. Mama mkwe akamkazia macho kutoka pale ukutani.

Bramwel akayashusha macho yake upesi. Mwili wote ulimwasha. Akajaribu tena, akashindwa tena. Ilikuwa karatasi, alijua ni karatasi, lakini sauti ya nyanya yake wa Butere haikujua karatasi. Mwishowe akapata akili, au alidhani amepata. Akakata ukanda wa gundi ya karatasi, ile ya kuzuia rangi isivuke mstari, akaubandika juu ya macho ya mama. Hapo angalau hatazamwi. Akaanza kuchora kidevu.

Ole wako dunia! Ni wakati uleule senge yake Christine, yaani dada ya marehemu babake, aliposukuma mlango kuleta ndizi. Alichokiona ni picha ya wifi yake Beldina ukutani, macho yamezibwa, na mkwe ameketi mbele yake anaongea peke yake na kijiti mkononi.

"Uuuwi! Wanamroga Beldina!"

Ndizi zikabaki mlangoni. Bramwel alimfuata mpaka barabarani akieleza mambo ya wachoraji, lakini mwenye bodaboda alikuwa ameshawasha moto. Navakholo ikajua kabla chai ya alasiri haijaiva.

Jioni simu ya Christine ikalia. Christine akaiweka sauti ya juu mezani, na Bramwel akasimama pembeni ameinamisha kichwa, kana kwamba simu nayo ina uso.

"Christine," sauti ya Mama Beldina ikasema, "mwambie huyo mtu kwamba mimi ni mtu wa kanisa, uchawi siuamini."

"Mama anasema uchawi hauamini," Christine akamwambia mumewe, aliyekuwa hatua moja kutoka kwenye simu.

"Mwambie mama namwomba radhi. Nilizuia macho kwa heshima."

"Mama, anakuomba radhi, anasema..."

"Nimesikia. Mwambie heshima ya mtu haizibwi na gundi. Anakaa nyumbani kwake ananitazamatazama uso ukutani kama kalenda? Nani alimfunza? Mwambie hivi: siku ile uso wangu ukionekana kwenye hiyo picha yake, asikanyage nyumba yangu. Siku hiyo wala siku nyingine."

Simu ikakatika. Christine akafungua mdomo kurudia, Bramwel akamwambia, "Hilo nimelisikia."

Basi ona alivyobanwa. Akipeleka uso, amefukuzwa ukweni, na mkewe atakuwa mtu wa kwenda kwa mama yake peke yake maisha yote. Asipopeleka kitu, ule msumari utabaki mtupu katikati ya sebule, na kila Krismasi Wesley atawaonyesha wageni. Bramwel aliipaka marekani yake nyeupe upya, kidevu kikafutika. Siku kadhaa hakugusa brashi hata ya mabango. Alikaa maktaba na kitabu kimefungwa mbele yake.

"U hali gani leo?" Swafia akamuuliza. Bramwel akamweleza yote, hata gundi. Swafia alijitahidi sana asicheke, akashindwa, akajiziba na mtandio.

"Samahani, kaka. Lakini kwani uso ni lazima?"

"Mtu ni uso, dada."

"Na yule baba wa lile koti, ulimwona uso?"

Bramwel hakuwa amemwona uso, wala jina hakulijua, lakini angemtambua yule mzee popote. Akaanza kujiuliza yeye, kwa Mama Beldina, ana koti gani. Mikono yake hakuwahi kuitazama, maana mikono iko karibu mno na uso. Mgongo wa mama nao alikuwa akiupa mgongo wake mwenyewe. Miaka yote hii ya macho chini, ni nini alichokuwa akikitazama?

Akasimama ghafla hata kiti kikaanguka, na maktaba nzima ikamzomea kwa "shii!"

Miguu! Aliijua miguu ya Mama Beldina kuliko alivyoijua yake. Alikuwa ameitazama kwenye matanga, kwenye harusi, kwenye kila sahani ya obusuma, ugali wa kwetu, iliyoletwa hadi mlangoni na kupokewa na Christine. Kidole kidogo cha kushoto kimepinda juu ya mwenzake. Kovu la jembe liko juu ya mguu wa kulia, limenyooka kama lilipigwa rula. Visigino vimepasuka kiangazi, vimelainika masika. Malapa ya buluu, na kamba ya moja imeshonwa kwa waya. Na ule udongo mwekundu wa Navakholo, ukikauka huwa na rangi mbili, pembeni waridi.

Alichora kama mtu aliyeitwa. Aliichora miguu kwenye kizingiti cha jiko la zamani, mwanga wa asubuhi unaingia kutoka upande, pindo la leso juu kabisa ya picha na baada ya hapo basi. Alipomaliza akaigeuza picha na nyuma yake akaandika shairi. Halikumpa taabu. Lilikuwa limekaa ndani yake tangu siku ya koti.

Christine aliporudi kutoka sokoni akasimama mbele ya picha na kikapu kichwani. Macho yakamjaa.

"Ni mama," akasema. Halafu akashtuka. "Lakini ni miguu, Bramwel! Watasema umemletea mama matope sebuleni. Atakufukuza!"

"Uso haumo."

"Na matusi je, hayamo?"

Bramwel hakujua. Akatafuta gazeti la kuifunikia picha.

Siku ya kuingia nyumba ikafika. Mchungaji akaomba, ngoma za isukuti zikalia, kuku wakaliwa. Viti vya Wesley vilikuwa bado na nailoni. Mama Beldina alikuwa ameketi mbele na gauni jipya na viatu vipya vyeusi vilivyomfinya. Hayo Bramwel aliyaona, maana macho yake yalikuwa palepale pa siku zote. Wesley akaita, "Sasa mkwe wetu mchoraji! Msumari unakungoja!"

Bramwel akatundika picha ikiwa imefunikwa gazeti. Akalivuta gazeti.

"Ai!" mtu akasema. "Ni miguu!"

"Kichwa kiliisha rangi?" mwingine akadakia, na kicheko kikazunguka sebule. Senge akauliza kwa sauti kubwa kama hayo ni malapa ama macho yake ni mabaya. Bramwel alisimama ametazama sakafu, masikio yanawaka moto, akatamani hata ile mvua ya alasiri imwokoe. Wesley, akitaka kuongeza utamu, akaishusha picha na kuigeuza. "Kumbe kuna maandishi! Ngojeni niwasomee." Akaanza kwa sauti ya kuigiza:

"Uso sijautazama,
macho nimeinamisha;
ila miguu ya mama
mengi imenifundisha.
Asubuhi ya kulima
umande umeiosha;
hapo iliposimama
njaa iliikomesha."

Sauti ya kuigiza ilimwishia Wesley katikati. Mistari ya mwisho aliisoma polepole, kama mtu anayekumbuka karo yake ya shule ilitoka shamba gani. Hakuna aliyecheka. Akairudisha picha kwenye msumari bila kuambiwa.

Bramwel akasikia kiti kikilia. Akaona vile viatu vyeusi vinasogea, vinapita meza, vinasimama chini ya picha. Kisha akaona kiatu kimoja kinavuliwa, na cha pili. Mama Beldina akasimama peku kwenye sakafu yake mpya ya saruji, watu wote wanaangalia juu na chini, juu na chini. Kidole kilikuwa kimepinda vilevile. Kovu lilikuwa palepale.

"Wesley," Mama Beldina akasema, "hili kovu nililipata wapi?"

Wesley akajikuna. "Sijui, mama. Sikujua una kovu."

"Hujui. Na wewe senge yao, hiki kidole kilipinda lini?" Senge naye hakujua. "Ninyi wote mnanitazama usoni kila siku. Mnaniona nimecheka, mnasema mama yuko sawa. Mnaona nimenuna, mnaleta sukari. Huyu mtu hajainua macho tangu amwoe mtoto wangu. Adabu ndiyo, lakini moyoni nilikuwa nikidhani ananidharau, kwamba mimi si mtu wa kutazamwa." Akaigeukia picha. "Kumbe alikuwa ananiona."

Christine alikuwa analia waziwazi, na leso hakuwa nayo, akawa anajifutia kwa kitambaa cha kiti kipya cha kaka yake.

"Christine, acha kuharibu viti. Mwambie mume wako picha ibaki hapo hapo, na ile runinga ihame."

"Mama anasema picha ibaki," Christine akasema kwa kwikwi.

"Na mwambie nataka nyingine. Achore mikono." Hapo Mama Beldina akapima maneno yake kama mtu anayepima mchele. "Mwambie ninampa ruhusa ainue macho mpaka kwenye mikono. Mikono tu. Asipite hapo."

Watu wakacheka, lakini kile kilikuwa kicheko kingine, cha furaha, na isukuti moja huko nje ikapigwa bila sababu. Bramwel hakungoja Christine arudie. Akainua macho taratibu, akapita kovu, akapita pindo la gauni jipya, akafika kwenye mikono ya mama mkwe wake, akasimama hapo.

Ilikuwa mikubwa kuliko alivyowaza. Unga wa ugali ulikuwa umeganda kwenye kifundo, maana alikatazwa kupika siku hiyo naye hakusikia. Ilikuwa imeshikana mbele ya tumbo, na kila mmoja ulikuwa ukijaribu kujificha chini ya mwenzake. Bramwel akajua kwamba miaka yote hiyo, mama naye alikuwa akimwonea haya.